Vinyweleo vya Magdalena

Haaa.

Sauti ilikuwa moja, wala haikurudiwa. Ilikuwa pumzi ndefu, ya moto, ya mtu aliyefungua kinywa karibu na kitu na kukipulizia polepole. Drutgin, aliyekuwa amelala ghorofani, aliitambua kabla hajafumbua macho. Mke wa mchoraji huijua sauti hiyo kama mke wa mwokaji ajuavyo mlio wa tanuri lake. Ndivyo mafundi wanavyoupulizia udongo mwekundu uliopakwa ubaoni, upate unyevu wa kinywa na kunata, dhahabu ishike. “Wynant kawahi leo,” akajisemea, akageukia upande wa pili. Usingizi ulikuwa umeshamchukua nusu alipokumbuka kwamba fundi Wynant hulala kwa dada yake, nje ya lango la mji, na lango halifunguliwi mpaka kengele ya alfajiri.

Asubuhi ilikuwa kama asubuhi nyingine zote za wiki ile ya baada ya Pentekoste. Uji wa shayiri ulichemka. Bia nyepesi ilimiminwa. Mayai yalitengwa, kumi ya kuchanganyia rangi na mawili ya kula, na Wynant akaingia akikohoa, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi.

“Umeamkaje, mama?”

“Na masikio mabaya. Usiku hukuja humu?”

“Nije kufanya nini? Kwa umri huu usiku natafuta choo tu, mama, na hicho chenyewe siku nyingine nachelewa.”

Akacheka. Drutgin naye akacheka, jambo likaisha.

Alikuwa na mambo mengine ya kumkosesha usingizi. Mumewe, Godart mchoraji, alikufa siku tatu baada ya Krismasi, akaacha kazi moja aliyokwisha kuwaahidi watawa wa Magdalena wa hapa mjini kwetu: picha ya altare yenye ubao mkubwa wa kati na milango miwili ya kuufunga. Sheria ya chama cha wachoraji ni fupi. Mjane anaruhusiwa kumaliza kazi aliyoiacha mumewe. Wakaguzi wa chama wakiikubali, karakana inakuwa yake mpaka kufa kwake. Wakiikataa, mlango unafungwa, na yeye ama aolewe na mwanachama, ama atoke na nguo alizovaa. Mwanachama alikuwa ameshajitokeza: Bwana Coynrait, aliyefiwa na wake wawili, mwenye meno matatu, aliyemletea Drutgin bata bukini siku ya misa ya siku ya thelathini ya marehemu. Na Bwana Coynrait huyohuyo alikuwa mmoja wa wakaguzi wawili.

Kazi ilitakiwa siku ya kuamkia sikukuu ya Magdalena, mwezi wa Julai. Milango Godart aliimaliza mwenyewe. Ubao wa kati ulibaki wa Drutgin: Maria Magdalena mtupu, amefunikwa na nywele zake tu, malaika wanne wamembeba kumpeleka juu. Mama Mkuu wa watawa alitaka nyuma pawe dhahabu tupu, kama wazee walivyozoea. Drutgin aliikubali dhahabu, lakini mwili aliutaka kwa namna mpya, kwa rangi ya mafuta ya kitani, kama wachoravyo watu wa Flanders: nyama yenye damu chini yake.

Kwa hilo aligombana na Wynant kila siku ya Mungu.

“Zamani mtakatifu alikuwa na uso wa mtakatifu,” mzee alisema, akisugua dhahabu ing'ae, kwa jino la mbwa. “Ukimwona humjui, basi unapiga magoti. Siku hizi ukimwona unasema, aa, huyu si yule muuza samaki wa darajani?”

“Magdalena alikuwa mtu, Wynant. Alikuwa na nyama.”

“Nyama iko buchani, mama.”

Walikuwa wawili tu katika karakana ile. Hapo nyuma kulikuwa na wa tatu, msichana wa kazi aliyesaga rangi na kupika gundi. Sasa hakuwapo, na jina lake halikutajwa. Kwetu, aliyekufa mikononi mwa mnyongaji hatajwi tena. Jina lake halisomwi kanisani siku ya marehemu wote. Mamaye haruhusiwi kumwashia mshumaa. Mtoto atakayezaliwa hapewi jina hilo. Wazee husema kumtaja ni kumwita, na hakuna anayejua akiitwa huja na nini.

Siku ileile iliyoanza na ile pumzi, Wynant alikuwa akilaza dhahabu kwenye duara la nuru la kichwa cha mtakatifu, mahali ambapo jina lake hugongwa herufi kwa herufi. Alipuliza, akalaza, akasugua, akagonga jina lote la Maria Magdalena. Lilimetameta. Kesho yake asubuhi dhahabu ilikuwa imebanduka na kujikunja, kama ngozi ya mgongo wa mvunaji aliyeungua na jua. Akarudia. Ikabanduka tena. Mara ya tatu Wynant aliokota kipande kilichodondoka sakafuni, akakigeuza. Upande wa chini, pale dhahabu iliposhika ubao, palikuwa na utando mwembamba wenye mistari midogomidogo, kama mistari ya kiganja.

Lakini mwili! Mwili ulijichora wenyewe. Drutgin alichanganya nyeupe ya risasi, nyekundu kidogo, na udongo wa kijani kama punje, akapaka bega. Mafuta ya kitani hukauka kwa wiki nzima. Bega lilikauka kwa usiku mmoja, na lilipokauka lilikuwa na joto la rangi ambalo yeye hakulitia. Shingoni ukajitokeza mshipa wa bluu. Drutgin alisimama mbele yake, brashi mkononi, akijaribu kukumbuka ni lini alipaka bluu. Hakukumbuka. Hata hivyo alifurahi, kwa sababu ulikuwa mshipa mzuri kuliko wowote aliowahi kuuona kwenye ubao.

Kisha ikaja harufu.

Mwanzo alidhani ni mayai yaliyooza. Akayatupa. Akadhani ni paka kafia chini ya ngazi. Wynant akafukua chini ya ngazi, akakuta kiatu cha Godart tu. Harufu ikabaki, nzito, chachu, ya kwapa la mtu aliyelala siku nyingi bila kuoga. Kulipokucha na joto kupanda, ubao ulikuwa unang'aa. Drutgin akachukua kitambaa safi, akaufuta tumboni. Kitambaa kikarudi na mafuta ya manjano yanayonata. Akakisogeza puani. Akakitupa motoni, na kikiungua kilinuka kama kwato.

Akasogea karibu kuchunguza. Ngozi ya Magdalena ilikuwa na vitundu. Vidogo, vingi, vimepangika kama vya ngozi ya nguruwe aliyenyolewa. Kando ya pua, vichache vilikuwa vimeziba, vina vichwa vyeusi. Hakuna aliyemtuma kufanya alichofanya, na baadaye alitamani mkono ule ungekatika. Alibana kimoja kwa kucha mbili, kama mtu abanavyo chunusi. Kikatoka kiuzi cheupe, laini, chenye mafuta. Kikajikunja juu ya ukucha wake.

Alitapika kwenye ndoo ya chokaa.

Siku ya tatu yake alikuja Mama Mkuu wa watawa, Mama Bela, mwanamke mnene mcheshi aliyependa kuona kazi inavyokwenda. Hakulalamikia harufu, watawa wake waliwauguza wakoma. Alisimama mbele ya ubao, mikono imefumbatwa, machozi yakimlengalenga.

“Mwanangu,” akasema. “Nilikuja kugomba. Nilikuja na maneno yangu yote nimeyapanga kuhusu hao watu wa Flanders. Sasa nimesahau yote.”

Akapiga magoti, akaubusu unyayo wa Magdalena, busu refu la heshima. Alipoinuka alijilamba midomo.

“Una chumvi.”

“Ni... ni rangi mpya, Mama.”

“Na una joto.”

“Dirisha liko kusini, Mama. Jua.”

“Na nywele hizi!” Mama Bela akainama, pua yake karibu iguse paja la picha. “Kila unywele na kivuli chake. Mpaka vinyweleo hivi vidogo vya mguuni. Umechora kwa brashi ya nini, mwanangu?”

Nywele Drutgin alikuwa hajaanza kuzichora.

Kuanzia siku hiyo zilikua. Ndefu za kichwani zilishuka zikaufunika mwili kama mkataba ulivyotaka, na mtu angeweza kusema ni muujiza wa mtakatifu. Lakini zilikuja na mba. Zilikuja na mafuta. Zilikuja na chawa mmoja, mweupe, mnene, aliyetembea taratibu juu ya paji la uso. Wynant alimwua kwa ukucha. Akajifuta kwenye suruali, akaona haitoshi, akatoka nje kunawa.

Aliporudi, alisimama upande wa kulia wa ubao.

“Mama. Njoo.”

Kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa Magdalena palikuwa na kovu. Kovu la kuungua, la nusu duara, limeng'aa, limekunja ngozi ya pembeni. Wote wawili walilijua. Majira ya baridi mawili yaliyopita, chungu cha gundi kiliumwagikia mkono wa msichana wa kazi, na Drutgin mwenyewe ndiye aliyempaka mafuta ya bata na kumfunga kitambaa.

“Gundi ya ubao huu,” Wynant alinong'ona, “uliipata wapi?”

“Vipande vya ngozi ya mbuzi. Kama siku zote.”

“Wakati ule mto ulikuwa umeganda toka Krismasi. Mashua ya Köln iletayo ngozi haikuja. Vipande ulivipata wapi, mama?”

“Kapike uji, Wynant.”

“Uji umeiva. Uliupika wewe.”

Mchuna ngozi wa mji wetu ndiye huyohuyo mnyongaji. Anaishi peke yake nyuma ya ukuta, upande upepo unakoenda, kati ya mizoga. Mwanachama wa chama chochote akigusana naye, au akila naye, au akinunua kwake, anavuliwa heshima na hairudi. Kwa hiyo wenye shida hununua kimyakimya: unaacha sarafu juu ya nguzo ya uzio, unarudi kesho yake, unakuta mzigo. Humwoni. Humwulizi. Hivyo ndivyo Drutgin alivyopata vipande vya ngozi mwezi wa Januari. Chokaa ya ubao, inayokandwa kwa gundi na kupakwa chini ya rangi, huhitaji miezi kukauka, na mto ulikuwa umeganda, na Julai haimsubiri mtu. Alivichemsha mwenyewe. Alivichuja mwenyewe. Anakumbuka alifurahi jinsi vilivyokuwa laini na visivyo na mafuta.

Mchana uleule alikwenda hadi kwenye uzio, shela imemfunika uso.

“Simama hapohapo, mama,” mchuna ngozi alisema, akitokea nyuma ya kibanda. Alikuwa akila kitunguu kibichi. Mikono yake ilikuwa nyekundu hadi viwikoni, na inzi walitembea juu yake bila haraka. “Ukisogea hatua moja wenzako watakuvua hata jina. Unataka nini? Leo nina farasi tu, naye ana usaha.”

“Ile ya Januari. Ilikuwa ya mnyama gani?”

Akatafuna. Akamtazama.

“Umechelewa kuuliza.”

“Nauliza sasa.”

“Wanawake wenu wakishikwa na uchungu wa kuzaa, nani huwapa mkanda wa kufunga kiunoni? Mimi. Mkanda wa ngozi gani? Wanajua. Kuhani anajua. Kila mtu anajua, na kila mtu huacha sarafu juu ya nguzo.” Akatema ganda. “Mtu mmoja hutoa mikanda sita, mama. Na pembeni hubaki vipande. Ulitaka vipande laini. Mimi nikupe vya ng'ombe?”

“Yupi?” Drutgin alisema, ingawa alijua. “Wa Novemba?”

“Sisi hatuwataji. Ila huyo niliyemtoa mtoni alikuwa na kovu mkononi, nikalikata nikaliweka kando. Halifai kwa mkanda.”

Drutgin alirudi mjini. Njiani alijipangusa midomo mara nyingi, kwa sababu gundi huonjwa. Ndiyo njia ya kujua kama imeiva: unachovya kidole, unalamba. Alikuwa amelamba mara tatu.

Sasa msomaji ajue alichokijua Drutgin peke yake.

Dhahabu ya altare ililetwa na watawa wenyewe, vijitabu vya majani membamba kuliko ganda la kitunguu. Godart hakumruhusu mkewe aiguse. Mkono wa mwanamke, alisema, ni wa kuvunja mayai. Siku moja mwishoni mwa Oktoba, mumewe yuko safarini na Wynant anaumwa, Drutgin alifungua kijitabu ili ajifunze. Jani la kwanza lilichanika. La pili likaruka. Akajaribu tena na tena. Kisha akapiga chafya, na majani yote yaliyobaki yakainuka kama nondo na kuingia motoni. Alifagia, akanyamaza. Godart aliporudi na kuikosa dhahabu, hakuna aliyemtazama Drutgin. Wote walimtazama msichana. Siku tatu Drutgin alikuwa na nafasi ya kusema. Siku ya nne gunia lilishonwa naye ndani, likashushwa mtoni kutoka darajani, kwa maana mwizi wa altare hawekewi hata mti wa kumnyonga. Drutgin alisimama kati ya watu. Gunia lilipogusa maji lilisikika likivuta pumzi.

Usiku huo, aliporudi kutoka kwa mchuna ngozi, hakupanda kulala. Alichukua kisu cha kukwangulia, akaanza kwenye kifundo cha mkono.

Rangi ilitoka. Chini yake palikuwa peupe. Akakwangua. Chini ya peupe palikuwa pa manjano, pamelowa, punjepunje, kama mafuta ya kuku. Akakwangua. Chini ya manjano palikuwa pekundu. Kisu kikateleza. Kitu cha moto kikamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Ubao ukatetemeka, kidogo tu, kama ng'ombe anavyotetemesha ngozi akiguswa na inzi.

Haaa.

Karibu na sikio lake. Ilinuka maji ya mto.

Asubuhi pale alipokwangua palikuwa pameota kigaga. Cheusi, kigumu, pembeni kinavuja. Siku ya tano kilidondoka chenyewe, na kovu lilikuwa palepale, limeng'aa zaidi.

“Tuuchome,” Drutgin alisema.

“Tukiuchoma, keshokutwa wewe ni mke wa Coynrait.” Wynant alikuwa ameketi mlangoni, mgongo kwa ubao. Siku hizo hakuutazama. “Na mimi nadhani hautaungua. Nadhani utalia.”

“Basi nifanye nini, baba?”

Alikuwa hajawahi kumwita baba. Mzee akavua kofia, akaikunja, akaifungua.

“Dhahabu haishiki pale juu kwa sababu tunamwandikia jina la mtu mwingine. Hicho ndicho nijuacho. Hawezi kubeba jina la mtu mwingine.” Akaivaa kofia. “Ile dhahabu iliyopotea, mama. Mimi sikuichukua. Marehemu hakuichukua. Na yule mtoto alikuwa akiiogopa mpaka akipita karibu anaziba pua asiipumulie.”

Drutgin alikwenda kumwaga maji.

Siku ya ukaguzi ilikuwa ya jua kali. Walikuja wawili: Bwana Tilmann, mzee kiziwi upande mmoja, na Bwana Coynrait, amevaa koti jipya. Nyuma yao mtumishi alibeba jiko dogo la makaa na chuma cha chama, kile chenye ngao tatu. Kwetu kazi iliyokubaliwa hupigwa alama ya moto, mbele, kwenye pembe ya chini, ili kila anayepiga magoti aione.

“Bata alikuwaje, mjane?” Coynrait alisema akiingia.

“Alikuwa mgumu, Bwana. Nadhani alikufa kwa uzee.”

Tilmann, aliyelisikia kwa sikio lake zima, akacheka. Coynrait hakucheka. Alikuja kukataa; ilionekana kwenye mabega yake. Alisimama mbele ya ubao, akavuta pumzi ya kuanza kukosoa.

“Mungu wangu,” alisema Tilmann.

Wynant alikuwa ameulaza ubao juu ya meza mbili, uso juu. Magdalena alilala pale katika nywele zake, mshipa wa shingo ukiwa na rangi ya zabibu, tumbo limeng'aa kwa jasho. Duara la kichwa lilikuwa udongo mwekundu mtupu. Mengine yote yalikuwa nyama.

“Dhahabu haijaisha,” Coynrait alijaribu.

“Dhahabu kitu gani! Nitamletea ya kwangu,” alisema Tilmann. “Wewe tazama goti. Umewahi kuona goti namna hii? Nimelala na mke wangu miaka arobaini sijawahi kuona goti namna hii.”

Coynrait akainama. Kwenye bega aliona unywele mmoja umesimama, akadhani ni wa brashi, umenasa kwenye rangi. Hapo alifurahi: kasoro! Akaushika kwa vidole viwili akavuta.

Ukatoka na mzizi. Kitone cheupe, kimelowa. Pale ulipotoka likaota tone jekundu, likatua, halikushuka.

Bwana Coynrait alilichukua tone kwa ncha ya kidole. Akalipaka ulimini, kama tulivyozoea kuonja mafuta tukitaka kujua yamechacha. Akazungusha ulimi kati ya meno yake matatu.

“Yana ladha ya chuma,” akasema. “Mafuta gani haya?”

“Siri ya karakana, Bwana.”

Alimtazama Drutgin, na kwa mara ya kwanza hakumtazama kama mali. Alimtazama kama fundi amtazamavyo fundi aliyemshinda. “Basi,” akasema kwa uchungu. “Sina neno. Chama kinakubali. Karakana ni yako. Leta chuma.”

Karakana ni yake. Mlango ule, dirisha lile la kusini, brashi zile, mpaka kufa kwake. Maneno aliyoyaomba tangu Januari yalikuwa yamesemwa, na kilichobaki kilikuwa kuwapa wageni bia. Chuma kilitoka kwenye makaa kikiwa chekundu. Pembe ya chini ya ubao ilikuwa chini tu ya nyayo za Magdalena. Wynant aliushika ubao pande zote mbili usiteleze. Macho yake yalikuwa kwa Drutgin, na hayakumwomba kitu.

Joto la chuma lilifika kabla ya chuma.

Vidole vya miguu vilikunjana.

Drutgin aliviona. Kidogo, vyote kumi, kama vya mtoto anayewekwa kwenye maji ya moto. Wengine walitazama chuma. Mafuta yalianza kuchemka kwenye unyayo, na harufu ikapanda, harufu aliyoijua kutoka kwenye chungu chake mwenyewe, tamu, ya nyama. Kifua cha Magdalena kiliinuka. Midomo iliyochorwa imefumba ilikuwa wazi. Haikutoa pumzi. Ilivuta, ikavuta, kama gunia lile, ikaishikilia.

Ukienda leo kwa watawa hutauona ubao ule altareni. Uko chumba cha ndani, nyuma ya pazia zito, na duara la kichwa lina dhahabu ambayo haijawahi kubanduka. Kila Alhamisi Kuu mtawa mmoja huingia na beseni la maji ya moto na mkasi, kisha hutoka na ndoo iliyofunikwa. Anayeuliza ndani ya ndoo mna nini huambiwa: kucha.

Lakini siku ile chuma kilikuwa bado hewani, upana wa kidole kutoka kwenye ubao, na Drutgin akautia mkono wake katikati. Kiganja kilipiga mlio. Hakuuondoa.

“Mwacheni.”

“Una wazimu?” Coynrait alipiga kelele, akirudisha chuma nyuma. “Tumeshakubali! Karakana ni yako!”

“Dhahabu ya altare niliiunguza mimi. Mimi peke yangu. Nilipiga chafya ikaingia motoni, nikanyamaza mpaka gunia likashonwa. Na gundi ya ubao huu niliinunua kwenye uzio wa mchuna ngozi. Hakuiba, Bwana Tilmann. Hakuwahi hata kuipumulia.”

Bwana Tilmann alimgeuzia sikio lake zima. “Nani? Nani hakuiba?”

Chini yao kifua kilikuwa bado kimeinuka, kimejaa, kinasubiri. Wynant aliuachia ubao, akapiga ishara ya msalaba.

Drutgin aliinama mpaka uso wake ukakaribia ule wa ubao, katika harufu ile ya mto na jasho, na kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeweza kuisikia, akalitaja jina la msichana:

“Metza.”